Mita Isiyoaga

Siku ya kuniaga karakanani mlinipa saa ya ukutani, kitenge, na kazi. Mkasema, "Mama Koku, tuandikie mambo ya kazi, sisi tunaobaki tujifunze." Nikadhani ni maneno ya sherehe, maana kwenye sherehe watu husema mengi. Kumbe mlimaanisha. Kila nikipita Kayanga mmoja wenu ananishika mkono sokoni: "Mama, umeandika?" Haya, naandika. Lakini naandika nimekasirika, na mtaona kwa nini. Mezani kwangu hapa, mahali pa kulia chakula, kuna mita ya mshale iliyokatwa waya, na nusu ya wilaya ina maoni juu yake.

Mambo ya vyeo sitayaandika. Nilianza fundi, nimemaliza fundi, na katikati walibadilisha maneno kwenye mlango.

Nitaanza na siku ya kwanza. Nilifika kiwanda cha kukoboa kahawa nikitokea Ihanda kwa baiskeli ya kaka yangu, nimevaa sketi niliyoshonewa kwa ajili ya kipaimara na viatu vya kuazima. Wakati ule wanawake kiwandani walikuwa wachambuzi: wanakaa chini, wanatoa punje mbovu, wanaimba. Mlinzi alinionyesha walikokaa bila hata kuniuliza. Nikamwambia mimi naenda karakanani, nimesomea umeme. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

Karakanani nilimkuta Shaaban. Leo ni Mzee Shaaban, siku hizo alikuwa Fundi Shaaban, mtu mwembamba mwenye kanzu Ijumaa na ovaroli siku nyingine zote, mzaliwa wa Kayanga ambaye babu yake alitoka Pangani na kufungua duka la chumvi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko nguzo zetu za umeme. Aliniangalia, akaangalia mikono yangu kama imebeba chupa ya uji, akaona mitupu.

"Karibu, mwanangu. Unatafuta nani?"

"Natafuta kazi yangu. Ni hapa."

"Ebo!" Akasogeza kiti. "Basi kaa, tuone kama kazi nayo inakutafuta wewe."

Siku ile ile alinionyesha mita. Ilikuwa boksi jeusi la plastiki ngumu, zito, lenye kioo usoni, na nyuma ya kioo mshale mwembamba uliolala upande wa kushoto. Waya mbili, mwekundu na mweusi, kila mmoja una ncha ya chuma. Ukigusisha ncha penye umeme, mshale unainuka. Pasipo na umeme, unalala. Mtoto mdogo angeielewa. Ndiyo maana Fundi Shaaban hakunipa niishike, alinikalisha kwanza aniulize maswali.

"Kwenu Ihanda, mtu anaingia nyumba ya watu bila kusalimia?"

"Hapana."

"Akishauliza shida yake, anaondoka bila kuaga?"

"Akifanya hivyo watasema ametumwa na wachawi."

"Vizuri. Umeme ni mwenye nyumba. Unasalimia, unauliza, unaaga. Ukiruka moja, mimi sikujui na mama yako atavaa nyeusi."

Hiyo ndiyo desturi ya karakana yetu, na wageni wanaosoma hapa niwafafanulie. Kusalimia ni kugusisha mita mahali unapojua kwa hakika kuna umeme. Mshale ukiinuka, mita ni nzima. Kuuliza ni kupima pale unapotaka kutia mkono. Mshale ukilala, huenda umeme umekatika. Nasema huenda. Kuaga ni kurudi pale pale uliposalimia na kupima mara ya pili. Mshale ukiinuka tena, umejua mita haikukufia njiani kati ya salamu na swali. Hapo tu ndipo unatia mkono. Watu wa maghalani walitucheka, wakatuita "watu wa kuagana na ukuta." Tuliwaacha wacheke.

Mwalimu wangu hakuwa mpole. Ukisahau kuaga, hakupigii kelele. Anakunyang'anya bisibisi, anakutuma kuchambua kahawa na akina mama mpaka kengele ya jioni. Nilichambua mara kadhaa. Wale akina mama walinifurahia sana, wakaniuliza umeme umenikataa lini.

Kazi ngumu za miaka ile mnazijua kwa kusikia. Kahawa yetu inaletwa na wakulima ikiwa imekaushwa na maganda yake, na mashine ikianza kukoboa, vumbi la maganda linaingia kila mahali: kwenye mota, kwenye swichi, kwenye chai, kwenye nywele. Mume wangu alikuwa akisema akinikumbatia anasikia harufu ya ghala la chama cha msingi. Mota zilizoziba tulizifungua, tukazipuliza, tukazifunga, wiki ijayo tukarudia. Msimu ukikolea, malori yamepanga mstari mpaka barabarani, na mota ya lifti ya kupandishia kahawa inaungua siku hiyo hiyo. Haiungui mwezi ambao hakuna kazi. Sijawahi kuona mota yenye huruma.

Lakini kisa kimoja lazima nikieleze, kwa sababu ndicho kilichozaa balaa la mezani kwangu.

Fundi Shaaban alipostaafu, aliniachia mita. Hakusema hotuba. Alisema, "Chukua, begani inanichosha." Baadaye kidogo zikaja mita za namba, zile nyepesi zinazoandika jibu kwenye kioo. Vijana wakazipenda, na mimi nikazipenda, sina ugomvi na kitu kipya. Basi siku moja waya mrefu wa kwenda ghala la nyuma ulikatwa upande mmoja ili ubadilishwe. Hauna umeme, tumekata kwa mikono yetu. Mita ya namba ikaandika kuna umeme. Nusu nusu hivi, namba zinachezacheza. Vijana wakarudi nyuma. Wakatafuta umeme unakovujia, wakafungua maboksi yote, siku nzima ikapotea, malori yakapiga honi.

Nikaleta mita ya mshale. Nikasalimia, nikauliza, mshale ukalala. Nikaaga, ukainuka. Nikawaeleza: waya huo umelala sambamba na waya mwingine wenye umeme, njia ndefu, basi unaokota kivuli cha jirani yake. Mita ya namba ina masikio makali mno, inasikia hata kivuli. Mita ya mshale inahitaji umeme wenyewe uisukume, kivuli hakina nguvu hiyo. Tukaubadilisha waya, kazi ikaendelea.

Aliyekuwa amesimama karibu yangu siku ile ni Deusi, Deusdedit, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka wake wa kwanza na leo ndiye mkuu wenu wa karakana. Mtu wa Ihanda kama mimi, mikono myepesi, akili inakimbia, mdomo unakimbia zaidi. Yeye ndiye aliyetoka pale akitangaza: "Mita ya Mzee haidanganyi!" Neno likaenea. Kila kijana aliyeajiriwa baada ya hapo aliambiwa kwanza choo kiko wapi, halafu akaambiwa mita ya Mzee haidanganyi. Nilisikia mara nyingi, na nikacheka. Sikuona ubaya wake wakati ule.

Sasa nifike mwaka huu.

Nilikuwa nimestaafu, nimetulia kibanjani, napalilia migomba yangu na kubishana na mume wangu kuhusu ng'ombe. Simu ikalia. Deusi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nani ameungua?"

"Hajaungua mtu. Niko Kimuli, kwenye mashine ya kusaga ya Mzee Rwegoshora. Mota imekataa. Nimezima swichi kuu, lakini mita yangu inaandika umeme upo laini zote. Ni kile kivuli tu, Mama. Niletee mita ya Mzee tukihakikishe."

Kibarua cha Jumamosi, siyo kazi ya kiwanda. Nikapanda bodaboda na mita mapajani. Nifike, nakuta watu wamejaa mlangoni na madebe ya mahindi, na Mzee Rwegoshora, mwenye mashine, anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Swichi kuu mkono wake umeshushwa, kweli imezimwa kwa macho. Mita ya namba ya Deusi imelala juu ya gunia imetupwa, imeshahukumiwa.

Nikampa mita. Mlangoni palikuwa na soketi inayopata umeme kwa njia nyingine, akasalimia pale. Mshale ukainuka vizuri. Akaenda kwenye mota, akauliza laini ya kwanza, mshale umelala. Ya pili, umelala. Ya tatu, umelala.

"Si nilisema?" akawageukia watu. "Mita ya Mzee haidanganyi." Akaweka mita chini, akachukua spana.

Na mimi niliamini, msinielewe vibaya. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kivuli cha kukaa. Ni mdomo wangu tu, kwa mazoea ya miaka mingi, uliosema: "Aga."

"Mama, watu wanasubiri unga."

"Deusi. Aga."

Akapumua kwa nguvu ili wote wasikie jinsi wazee wanavyomchosha, akaokota mita, akarudi mlangoni, akagusisha ncha kwenye soketi ile ile.

Mshale haukuinuka.

Akatikisa. Haukuinuka. Taa iliyo juu ya soketi inawaka, inatuangalia, na mshale umelala tu. Nikatoa mfukoni bisibisi yangu ya taa, ile ndogo ambayo kila fundi anayo, nikagusa laini za mota. Ikawaka. Ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Tulipofungua swichi kuu tukaona. Mkono ulikuwa umeshuka, ndimi mbili za kuunganisha umeme zimetoka, ulimi mmoja umeyeyuka kwa joto ukang'ang'ania mahali pake, na umeme wake ukazunguka ndani ya mota ukatokea kwenye laini nyingine zote. Umeme mzima, siyo kivuli. Mita ya namba iliyotupwa juu ya gunia ilikuwa imesema kweli tangu asubuhi.

Deusi alikaa chini kwenye vumbi la unga. Ana mke na watoto wadogo, na yule wa mwisho alipozaliwa nilimpelekea mama yake ndizi na kuku wawili. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika kichwa, nikashindwa kuchagua, basi nikaenda kumwagizia maji.

Jamani, mtu angetegemea hadithi itakayotoka hapo iwe ya kweli. Sikilizeni iliyotoka. Nilipofika Kayanga Jumatatu, muuza nyanya akaniambia: "Mama Koku, tumesikia mita yako imemwokoa Deusi!" Kanisani mwinjilisti akaitaja kwenye mahubiri, chombo cha zamani kilichomwepusha kijana na mauti. Mita! Mita ndiyo iliyotaka kumuua! Mita ilikuwa imelala pale kama mtu aliyelewa rubisi, inasema nyumba haina mtu, na mwenye nyumba amesimama mlangoni na panga. Nikieleza, watu wanatikisa kichwa kwa heshima: "Ndiyo, waitu, mama yetu, lakini imemwokoa." Kha! Niliacha kueleza.

Na Deusi mwenyewe ndiye mbaya zaidi. Akaja nyumbani na sukari na sabuni.

"Mama, itengeneze ile mita. Tuiweke karakanani, kila fundi aitumie kabla ya kazi kubwa. Ni urithi wetu."

"Ilikudanganya."

"Ilikwama tu. Ikitengenezwa haitakwama."

"Na yako ya namba ilisema kweli."

"Ile? Ile ni ya kubahatisha."

Nikamwangalia. Mtu alikuwa ametenganishwa na jeneza na neno moja, na bado anasema hivyo. Nikamwambia nitafikiri, na hilo ndilo kosa la watu wapole, kusema watafikiri.

Nikaifungua mezani. Ndani, pembeni ya mshale, kulikuwa na kipande cha ganda la kahawa, kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Kimeingia lini hakuna ajuaye, labda kilikuwa kinazunguka humo tangu enzi za Fundi Shaaban. Mtikisiko wa bodaboda ulikisogeza, na pale Kimuli baada ya salamu kikakaa mbele ya mshale kama mlinzi. Pia springi yake, ile nyembamba kama unywele inayorudisha mshale, ilikuwa imepinda. Panapokaa betri pameota kutu. Vyote vinatengenezeka. Kwa kibano cha nyusi cha binti yangu Koku, macho mazuri, na mikono isiyotetemeka. Mikono ninayo, macho nitaazima.

Basi nikawa naiangalia. Asubuhi naiangalia, jioni naiangalia. Mume wangu akaanza kulia chakula magotini.

"Mama Koku, hii mita ina mpango wa kuhama?"

"Nafikiria."

"Mimi nasema itengeneze. Umeishika kuliko ulivyonishika mimi."

"Wewe hujakwama."

"Bado," akasema, akaendelea na ndizi zake.

Msinione mtu wa ajabu. Sababu za kuitengeneza zipo. Kivuli kipo kweli, na vijana wakishazoea mita ya namba kuandika vivuli, watadharau hata namba ya kweli, kama Deusi alivyodharau. Mita ya mshale nzima ni kitu kizuri kwa kazi hiyo. Na naipenda. Niseme wazi, naipenda. Plastiki yake imechimbika pale kidole gumba cha Fundi Shaaban kilipokuwa kinakaa, na kidole changu nacho kikakaa hapo hapo. Lakini nikiitengeneza, nitakuwa nimempa Deusi kitu anachokiamini kuliko desturi. Ganda moja nimelitoa, vumbi liko kiwanda kizima. Litaingia jingine. Na siku hiyo mimi sitakuwa nimesimama nyuma yake nikisema aga.

Nikaona niende kwa mwenyewe. Mzee Shaaban yuko Kayanga, ana kiduka cha tochi na redio nyuma ya stendi. Nikamkuta anapima betri kwa mita. Mita ya namba. Ya rangi ya njano, ndogo kama sabuni ya kuogea.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hicho nini umefunga kwenye kitambaa, maandazi?"

Nikafungua. Akainama, akavaa miwani, akainuka.

"Alaa! Takataka hii bado unayo?"

Nikahisi damu inapanda. "Fundi, ulinipa wewe."

"Nilikupa kwa kuwa ilikuwa nzito. Sikukwambia uioe."

Nikamweleza habari yote ya Kimuli, tangu simu mpaka bisibisi ya taa. Alisikiliza bila kunikatisha, mkono umeshika ile sabuni yake ya njano. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Aliaga mwenyewe, au ulimwambia?"

"Nilimwambia. Mara mbili."

"Basi mimi unaniuliza habari ya mshale wa nini?" Akarudi kwenye betri zake. "Nilidhani nilikufundisha jambo. Kumbe nimekufundisha kubeba boksi."

Nikatoka pale nimekasirika kuliko nilivyoingia. Njia nzima nilikuwa namjibu moyoni, majibu mazuri sana, na yote yamechelewa. Yeye hana Deusi. Yeye ana betri. Lakini nilipofika Ihanda hasira ilikuwa imebaki na umbo moja tu, lile swali lake, na nikaketi mezani nikaomba kibano kwa Koku.

Nikaitengeneza. Ndiyo. Nilinyoosha springi, nikasugua kutu, nikapuliza kila kona, nikafunga. Mshale ukainuka na kulala kama siku ile ya kwanza. Nilifurahi, na sitaki kusema sikufurahi. Halafu nikampigia Deusi, nikamwambia mita iko tayari, njoo uichukue, na uje na bisibisi kwa sababu soketi ya jikoni kwangu imelegea.

Akaja mbio. Nilikuwa nimeshazima swichi kuu ya nyumba kabla hajafika, hakuna hatari, mimi si mwendawazimu. Sebuleni nina soketi ya umeme wa sola, hiyo inatosha kusalimia. Nikampa mita. Aliishika kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto.

"Haya," nikasema. "Nirekebishie soketi. Nimezima."

Akaenda kwenye soketi ya sola, akasalimia. Mshale ukainuka. Akatabasamu. Akaja jikoni, akauliza soketi. Mshale ukalala. Akaweka mita juu ya meza, karibu na bakuli la kahawa za kutafuna ambazo mume wangu alikuwa amemkaribisha nazo.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilifunga mdomo wangu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo, na nimewahi kubeba mota. Neno lilikuwa ulimini. Nilimwomba Mungu, niliomba kabisa, arudi sebuleni.

Akatoa bisibisi, akaanza kufungua skrubu. Kifuniko kikatoka. Vidole vyake vikaenda kwenye waya.

"Deusi."

"Naam, Mama."

"Umejuaje hakuna umeme?"

Akacheka. "Si nimepima? Mita ya Mzee haidanganyi."

Nikachukua kisu cha kumenyea ndizi. Nikachukua mita, nikazishika waya zote mbili pamoja, mwekundu na mweusi, nikazikata pale zinapotokea kwenye boksi. Waya ni ngumu, kisu ni cha ndizi, ilibidi nikereze. Alikuwa akiniangalia mdomo wazi.

"Mama! Mama, unafanya nini?"

"Hukuaga."

"Lakini ni soketi tu! Ya nyumbani kwako!"

"Na pale Kimuli ilikuwa mota tu, ya Mzee Rwegoshora. Huyo mwanao wa mwisho atamwita nani baba? Mita?"

Macho yake yakajaa maji. Yangu pia, lakini mimi nilikuwa na kisu mkononi, ikanisaidia kusimama. Alichukua mfuko wake, akapita mbele yangu, akapita mbele ya mume wangu pale uani, akawasha pikipiki. Hakuaga. Kwetu mtu akitoka nyumbani kwako namna hiyo, majirani wanauliza umemfanya nini. Mume wangu alinifunikia waya za soketi, na hilo nalo lilinikera.

Wiki ikapita kimya. Halafu simu ikalia kengele ya ujumbe. Deusi. Hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani. Ameandika: "Mota ya kinu Ihanda. Nimesalimia, nimeuliza, nimeaga." Basi.

Sikujibu. Mimi sijibu mtu asiyenisalimia, nina msimamo wangu. Kesho yake ukaja mwingine: "Pampu. Nimeaga." Tangu hapo kila kazi anayofanya, ya kiwanda au ya kibarua, ujumbe unakuja kabla hajatia mkono. Amekasirika, unaona kabisa kwenye maandishi, anayabamiza. Nikiwa kwenye kwaya, "Nimeaga." Nikiwa nakamua ng'ombe, "Nimeaga." Nimestaafu mimi, lakini naambiwa habari za kila soketi ya Karagwe na Kyerwa. Nikalalamika kwa mume wangu. Akasema, "Ulitaka aage. Anaaga."

Juzi alikuwa Kimuli tena, kwa Mzee Rwegoshora, ile mashine imekataa. Nilijua kwa sababu asubuhi muuza nyanya aliniambia. Saa za kazi zikapita, ujumbe haukuja. Chai ikapoa. Nikasogeza simu karibu na sahani, nikaisogeza tena. Nikawaza lile neno nililolifunga mdomoni pale jikoni, nikaogopa vibaya sana. Mume wangu alikuwa ameacha kula. Kuku waliingia bandani wenyewe.

Simu ikalia.

"Kwa Rwegoshora. Mtandao ulipotea, nikatembea mpaka mlimani niuone. Sijagusa kitu bado. Nimeaga."

Ametembea mpaka mlimani! Na watu wamesimama na madebe yao ya mahindi wanamsubiri! Nilimtukana peke yangu pale mezani, matusi yote ninayoyajua na mawili ya Kinyambo ambayo mama yangu hakujua kuwa nayajua. Nikajifuta macho kwa kitenge mlichonipa. Kisha nikachukua simu, nikamwandikia jibu langu la kwanza tangu siku ya kisu:

"Marahaba."